Wageni Wasiobisha Hodi

Lushoto, Jumatatu, 2 Desemba 1996

Matenga ya kwanza ya plamu yameshuka leo kutoka mashamba ya Kwai. Ni ndogo, maana mvua za vuli zimetuchezea, lakini tamu ajabu. Bwana Faraji amekula akiwa amesimama uani, kokwa akizitemea kiganjani, akasema msimu huu huenda tukapumua. Yeye ndiye mwenye kiwanda. Zamani alikuwa fundi mitambo wa shirika la umma. Shirika lilipouzwa vipande vipande wenzake waligombania magari, yeye akanunua masufuria makubwa ya kupikia jamu. Watu walimcheka sana. Siku hizi hawacheki, wanamletea plamu. Mimi ni karani wake, na kwa kuwa hana karani mwingine, ni mimi pia ninayepokea simu na kumkumbusha kula.

Bi Saumu, mkuu wa jiko, amenifokea kwa kuingia jikoni na viatu vya matope. Mbele ya wasichana wote! Nimenyamaza kwa heshima ya umri wake tu.

Alhamisi, 5 Desemba

Kuna habari mbaya. Kiwanda kimoja cha juisi huko bondeni kimepekuliwa. Tangu biashara huria iliporuhusiwa kila mtu amekuwa mwagizaji, na sukari ya magendo imejaa kila mahali, kwa hiyo maofisa wa mapato wanazunguka na polisi. Hawapigi simu wala hawabishi hodi. Inasemekana sukari ya kiwanda kile haikuwa na kosa lolote kubwa. Kosa ni kwamba wafanyakazi walipoona gari walitimua mbio mashambani, na mmoja akakutwa akilisukumia gunia kwenye shimo la choo. Basi milango ikatiwa lakiri hadi uchunguzi uishe, na maembe yanaoza uani.

Faraji hakugusa chakula mchana. "Dada Dorkasi," akaniambia, "wakitufungia sisi Januari, plamu za watu wote hawa nazipeleka wapi?"

Plamu haina subira. Ikiiva leo, keshokutwa inanuka siki, na kuna nyumba nyingi huko Kwai zisizo na mnunuzi mwingine.

Jumatatu, 9 Desemba

Faraji amemleta wakili kutoka Tanga, Bwana Abrahamu, kijana mwenye tai na mafua. Baridi ya huku imemkomesha. Tulikaa juu ya matenga yaliyopinduliwa, naye akatufundisha namna ya kupekuliwa. Sikujua kama nalo ni somo. Siku watakapokuja, mlinzi Yusufu aombe vitambulisho na hati ya upekuzi, kisha aniite mimi. Mimi nitatembea nao kila chumba, na kila watakachochukua kiandikwe na kutiwa sahihi. Wengine waendelee na kazi. Asikimbie mtu, asifiche mtu kitu, na asiyeulizwa asijibu.

"Sukari yenu ni halali, nimeziona karatasi zake," alisema. "Kitakachowaponza ni ninyi wenyewe."

Bi Saumu akanyoosha mkono. "Na sisi tuwape nini?"

"Msiwape kitu, mama."

"Hata maji?"

"Maji sawa."

"Na chupa ya jamu ya kupelekea watoto?"

"Hiyo ni rushwa."

"Yaani mgeni atoke kwangu mikono mitupu?" Akatugeukia akiwa amekasirika kweli. "Huyu baba kalelewa na nani?"

Tukacheka hadi wakili mwenyewe akacheka katikati ya chafya. Lakini nilimwona Faraji akiwatazama watu wake mmoja mmoja.

Ijumaa, 13 Desemba

Plamu, plamu, plamu. Mikono yangu imekuwa ya zambarau hadi kwenye kucha.

Jumanne, 17 Desemba

Leo tumefanya jaribio, na ni aibu tupu.

Silvano, dereva wetu, ndiye aliyekuwa mpekuzi mkuu. Alivaa koti refu la Faraji, akalitoa gari nje bila kumwambia mtu, kisha akarudi mbio na kufunga breki mbele ya lango. Yusufu akamfungulia. Badala ya kuomba kitambulisho akamsalimia mtu waliyeamkiana asubuhi ileile: habari za nyumbani, mama hajambo, yule mbuzi amezaa? Silvano naye akajibu yote hadi akasahau kilichomleta. "Mgosi, bwana, mimi ni serikali!" akakumbuka mwishowe, na Yusufu akamwambia serikali nayo husalimiwa. Modesta wa chumba cha lebo aliingiza bunda zima la lebo kifuani na kuketi akitokwa jasho. Nilipomuuliza anaficha nini, akasema hajui, ameona tu afiche.

Hadi hapo nilikuwa nacheka. Kisha tukagundua Bi Saumu hayupo jikoni na jamu inatokota peke yake.

Tulimkuta nyuma, kwenye kijito, amesimama ndani ya maji yaliyomfika magotini. Mikononi alikuwa na gunia la sukari lililobaki nusu, kamba ya mdomoni imeshafunguliwa. Faraji aliingia majini na viatu vyake, akamsemesha kwa Kishambaa, taratibu, kama unavyomwita mtoto aliyepanda juu ya paa. Akamtoa.

"Nilisikia gari," alisema.

"Bi Saumu, ni Silvano," nikamwambia. "Tulikuambieni kutakuwa na jaribio."

"Nilisikia gari," akarudia.

Jioni nilimwambia Faraji waziwazi: huyu mama abaki nyumbani kwa mshahara wake mpaka upekuzi upite, la sivyo atatufungisha. Faraji akasema atafikiri baada ya Krismasi. Nilikuwa na hasira naye, maana jambo la wazi namna ile halihitaji kufikiriwa.

Jumatano, 25 Desemba

Kanisani, kisha nyumbani. Bi Saumu amenitumia bakuli la wali wa nazi na kuku, limefunikwa kwa kitambaa safi. Nimeona haya.

Jumatatu, 30 Desemba

Bakuli la mtu halirudishwi tupu, kwa hiyo nililijaza mapichesi ya mama yangu na kwenda nalo kwake jioni. Nilikuwa nimepanga nimwamkie, nimkabidhi, niondoke. Nimekaa mpaka giza.

Alikuwa anachambua maharage. Hakuniuliza nimefuata nini, akanisogezea kigoda na ungo wa pili, nami nikachambua. Kisha akasema, "Unataka nikae nyumbani."

"Nani kakwambia?"

"Sufuria haziwezi kuninyima habari, karani. Ukuta wa ofisi yako ni wa mbao."

Nikamwomba radhi. Akatikisa kichwa, akanisimulia mambo ya mwaka themanini na tatu, wakati wa msako wa wahujumu uchumi. Mimi mwaka ule nilikuwa shule ya bweni, nakumbuka tu kwamba sabuni ilitafutwa kama dawa. Yeye na mumewe, Mzee Issa, walikuwa wakimwoza binti yao Zainabu, na Issa alikuwa amepata magunia mawili ya sukari kwa kibali cha kijiji. Kibali kilikuwepo, kimegongwa muhuri. Lakini redio ilikuwa ikitangaza kila siku watu waliokamatwa, na majirani walikuwa wakitupa vitenge na mafuta mtoni usiku na mchana, vya halali na visivyo halali, kwa hofu tu. Siku gari liliposimama nje, Issa alikuwa akitafuta kibali chake sandukuni. Bi Saumu hakungoja. Alilivuta gunia hadi kijitoni na kulimwaga.

"Walinikuta kanga imelowa, sukari imenigandia miguuni. Issa anawaonyesha karatasi, wao wananitazama mimi. Wakamwuliza: kama ni halali, mkeo anamwaga nini?"

Walimchukua. Alirudi baada ya miezi kadhaa, amekonda, kifua kibovu. Aliishi miaka mingine mitano.

"Hakunilaumu hata siku moja," alisema. "Hata kwa jicho. Angenipiga ningepata usingizi. Mpaka leo sijui kama alinisamehe au alichoka tu kusema."

Nikasema maneno ya kijinga ya kumfariji, sitaki hata kuyaandika. Yeye akaendelea kuchambua.

"Usinifukuze, Dorkasi. Nataka waje nikiwa nimesimama. Mara moja tu, kabla sijafa."

Alhamisi, 2 Januari 1997

Nimemwambia Faraji nimebadili mawazo. "Na akikimbia tena?" akauliza. Nikasema nitamfundisha mimi. Akanitazama, akaanza kucheka. "Wewe na Bi Saumu? Kwenye jiko moja? Basi nitawatafuta polisi mwenyewe."

Lakini aliridhika, nilimwona. Hakuwa na moyo wa kumtoa yule mama tangu mwanzo.

Jumanne, 7 Januari

Silvano analeta gari mbio saa yoyote apendayo. Juzi Bi Saumu alifika kijitoni. Jana alifika mlango wa nyuma, akashika fremu, akasimama hapo akihema. Leo amegundua dawa yake mwenyewe. "Jamu ikiwa motoni siwezi kuiacha, itaungua," amesema. "Nikisikia gari nitaushika mwiko." Na kweli aliushika. Alikoroga macho yamefumbwa, midomo inasoma dua, hadi Silvano akavua koti na kuomba chai.

Modesta naye ameacha kuficha lebo. Sasa anaficha mikono.

Jumapili, 12 Januari

Mfungo wa Ramadhani umeanza, na jiko letu limepata tatizo: mkuu wa jiko hawezi kuonja. Miaka iliyopita alipika kwa kunusa na kwa kudondoshea tone kwenye sahani ya maji, akakisia. Mwaka huu ameniita. "Wewe Mlutheri huna kazi mchana. Njoo uwe ulimi wangu."

Nikadhani ni kazi ya raha. Ananikazia macho nikionja, kisha ananihoji kuliko polisi. Uchachu unakuja mwanzo au mwisho? Sukari inakaa juu ya ulimi au inashuka kooni? Nikisema "nzuri" anakasirika, anasema nzuri si ladha. Nimejifunza leo kwamba kwa miaka yote hii nimekula jamu bila kujua ninachokula.

Jumapili, 19 Januari

Kutoka ibadani nimepitia kiwandani kuonja. Meno yananiuma.

Ijumaa, 24 Januari

Sukari imeadimika sokoni kwa sababu ya futari, na wapekuzi wamepandisha kasi. Wameonekana Korogwe. Wasichana wamenong'ona siku nzima. Bi Saumu akawaambia, "Waje basi, tumewangoja mpaka tumechoka kuwaogopa." Kisha akaniuliza pembeni kama sauti yake ilitetemeka. Nilisema hapana. Ilitetemeka kidogo.

Nampenda huyu mama. Naandika hapa kwa sababu siwezi kumwambia, ataniuliza nimevunja nini.

Jumanne, 28 Januari

Ukungu mzito, hatuoni lango kutoka ofisini. Gari likasimama, Yusufu akatoka kifua mbele na kudai vitambulisho. Walikuwa wazungu waliopotea njia ya Irente. Wakatoa pasipoti, maskini, mmoja mmoja. Yusufu alizikagua zote, akauliza na hati ya upekuzi. Faraji amecheka hadi akashika ukuta.

Jumatatu, 3 Februari

Wamekuja leo. Nitaandika yote, na yangu pia.

Ilikuwa baada ya adhuhuri. Magari mawili. Kutoka dirishani niliona Yusufu akifanya kila kitu kama alivyofundishwa: akaamkia, akaomba vitambulisho, akaomba hati, akaisoma taratibu huku ofisa mkuu akimngoja. Nilichotakiwa kufanya mimi ni kushuka ngazi na kwenda langoni. Ndiyo kazi yangu, niliyowafundisha wenzangu msimu mzima. Lakini nikawaona askari wenye bunduki wakishuka kwenye gari la pili, na akilini nikamwona Bi Saumu amesimama majini kama siku ile ya jaribio. Sijui nilifikaje jikoni.

Alikuwa ameushika mwiko. Macho yalikuwa wazi. Alikuwa anakoroga vizuri kabisa.

"Toka," nikamwambia. "Pita migombani, nenda nyumbani."

"Karani, una nini?"

"Nenda, Bi Saumu! Wana bunduki!"

Nikamnyang'anya mwiko. Nikamsukuma, mtu wa umri wa mama yangu, na mfungo wake, hadi nje ya mlango wa nyuma, nikatia komeo. Kisha nikanyoosha sketi na kwenda kuwapokea maofisa.

Ofisa mkuu alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye uchovu usoni. Alinisalimia vizuri. Tulikuwa tumeanza na ofisi wakati askari alipokuja kumnong'oneza. Akanigeukia.

"Nani aliyetoka kwa mlango wa nyuma?"

Nikasema, "Hakuna."

Ninaandika neno hilo na uso unawaka. Faraji alikuwa pembeni yangu. Alinitazama kama ananiona mara ya kwanza. Ofisa alifunga faili aliyokuwa akiisoma na kumwambia mwenzake alete lakiri kutoka garini. Harufu ya jamu inayoungua ikatufikia wote. Uani kulikuwa na matenga ya plamu yamepangwa hadi kifuani, yameletwa asubuhi ile. Nikafikiri: ni mimi. Siyo Bi Saumu, siyo Modesta. Ni mimi niliyekifunga kiwanda.

Ndipo Bi Saumu akaingia, kwa lango la mbele, mikono yake ameiweka mbali na mwili ili ionekane.

"Mnayemtafuta ni mimi," alisema.

"Ulikuwa unakwenda wapi, mama?"

"Sikuwa nakwenda. Nimetolewa." Alininyooshea kidole bila kunitazama. "Zamani wenzenu walikuja nyumbani kwangu, nikafanya upumbavu, mume wangu akaumia. Huyu anaijua habari hiyo, akaogopa nitaumia tena. Hajui kuficha. Mmemwona wenyewe."

"Umebeba nini ndani ya kanga?"

"Kiuno changu kinachouma. Leteni askari wa kike anipekue."

Askari wa kike alimpekua, mbele yetu, kanga ya juu na ya chini. Bi Saumu alisimama wima kabisa. Alipomaliza, Bi Saumu akamgeukia ofisa. "Sasa jamu yangu inaungua. Niende nikakoroge, au na hilo linahitaji hati?"

Ofisa akampisha njia. "Kakoroge, mama."

Wakapekua mpaka alasiri. Walihesabu magunia, wakayapima, wakalinganisha na karatasi za ushuru, wakaingiza hadi vijiti ndani ya mapipa ya plamu. Bi Saumu alikoroga sufuria ya pili muda wote huo, na kila walipopita nyuma yake mgongo wake ulikakamaa, lakini miguu haikuhama. Ofisa alipomaliza aliandika kwamba hakuna kosa, akasaini, nami nikasaini. "Siku nyingine, karani," akaniambia, "usiniambie hakuna." Nikasema ndiyo, mzee.

Akawa anatoka. Bi Saumu akamwita.

"Baba, sijui kusoma vizuri. Umeandika nini?"

"Nimeandika kwamba sukari yenu ni halali."

"Sema tena. Masikio yangu yamezeeka."

Yusufu na wasichana wote walikuwa wamesimama. Ofisa akavua kofia, sijui kwa nini. "Sukari yako ni halali, mama."

Bi Saumu akaitikia kwa kichwa na kurudi kwenye mwiko wake. Faraji alikuwa ameshika chupa ya jamu nyuma ya mgongo. Nikamkanyaga mguu, akairudisha. Magari yakaondoka mikono mitupu. Wasichana wakapiga vigelegele, Silvano akalia waziwazi, na mimi nikaenda kukaa nyuma ya choo kwa aibu.

Bi Saumu alinikuta huko baada ya kufuturu, tende bado mdomoni. Nilimwomba radhi. Nilisema nimekaribia kuwaponza wote, yeye na Faraji na watu wa Kwai, na kwamba sijui nilikuwa nafikiri nini.

"Sufuria uliyoiunguza utaisugua mwenyewe," alisema.

Basi nikaisugua, kwa mchanga na jivu, kwenye kijito kilekile. Jamu iliyoungua inashika kama lami. Yeye akaketi juu ya jiwe akiniangalia, akinielekeza ninapoacha, hajaridhika na lolote. Halafu akaacha kunielekeza, nikainua kichwa.

"Issa hakuchoka," alisema.

"Nini?"

"Leo ulikaribia kutumaliza sote kwa kunipenda mimi. Nimejaribu kukukasirikia tangu mchana, Dorkasi. Nimejaribu kwa kila namna, sijaweza." Akajifuta uso kwa pembe ya kanga. "Kumbe na kwa Issa ilikuwa hivi."

Nikainamisha kichwa, nikaendelea kusugua.